Magunia Kumi Juu ya Komera

Fundi Nurudini Saady wa Kasulu ni mtu mpole, lakini ukitaka kujua upole wake unaishia wapi, liite gari lake mkokoteni. Ataweka chini koleo, atavua miwani myeusi ya kuchomelea, atakutazama kutoka kichwani hadi kwenye kandambili, kisha atakuuliza: "Mkokoteni wa kwenu una giaboksi?" Kama una akili utasema hauna, shikamoo fundi, na maisha yataendelea.

Na kweli ni gari. Lina magurudumu manne, injini ya dizeli ya kuzungusha kwa hendeli kama zile za mashine za kusaga, giaboksi na difu kutoka kwenye pikapu zilizokwisha kufa, na chasisi ambayo Nurudini huikata na kuichomelea kwa mikono yake nyuma ya soko la Kasulu. Milango halina. Kioo cha mbele huwekwa mwenye gari akikitaka. Kwa sura, jamani tusidanganyane, ni baya. Lakini linakwenda kule ambako magari mazuri hufika yakageuza: mashamba ya Nyakitonto wakati wa masika, vijia vya Mabamba vinavyoshuka kuelekea Burundi, makorongo ambayo hata mbuzi hufikiri mara mbili.

Ubavuni kila moja limeandikwa KOMERA. Neno hilo alilipata kwa mwalimu wake, Manirambona, Mrundi wa makamo aliyekuwa na karakana ndogo katika kambi ya Mtabila. Nurudini alikwenda pale kijana, mtoto wa muuza vitenge mwenye asili ya Ujiji, akitafuta mtu wa kumzibia tangi la pikipiki. Tangi likazibwa, naye hakuondoka. Alikaa miaka sita akijifunza chuma. Kila alipoungua kidole, Manirambona alimwambia neno lilelile la kwao, "Komera," yaani jikaze, pole, usikate tamaa, yote kwa pamoja. Kambi ilipofungwa mzee akarudi kwao, na Nurudini akalibandika neno lake kwenye gari la kwanza alilolitengeneza. Mpaka mwaka jana yalikuwa yamefika thelathini na manne.

Sasa, mwaka jana huohuo, redio ikaanza habari za viwanda. Mara huko pwani kuna kiwanda kinaunganisha malori, mara kingine kitatoa vigari vidogo vya mizigo, vya hapahapa nchini, vya kumfaa mkulima. Nurudini alikuwa wa kwanza kufurahi. Aliongeza sauti ya redio hadi majirani wakalalamika. Furaha hiyo ilidumu mpaka Gharibu, mwenye duka la vipuri upande wa pili wa barabara, alipomwambia kwa mzaha wake wa kila siku: "Furahi, fundi, furahi. Kuku naye hufurahi akiona wageni."

Haikupita hata miezi miwili, barua ya serikali ikaja. Ilisema vyombo vyote vya moto vilivyotengenezwa mitaani vitakaguliwa. Kwa kila fundi litachukuliwa gari moja la mfano. Likifaulu, muundo wake utasajiliwa na wenzake wote watapewa namba. Likishindwa, yote yaegeshwe, na fundi asitengeneze tena.

Nurudini aliisoma barua mara tatu, akampa mkewe Asmahani, naye akaisoma mara moja tu, maana yeye hana subira na karatasi.

"Kwa hiyo ama wewe ni mtengenezaji wa magari, ama si kitu," alisema.

"Ndivyo walivyoandika."

"Basi tutajua, Baba Siti. Kula kwanza."

Hakula. Watu wengine huogopa kufa, Nurudini aliogopa kufika kwenye milango thelathini na minne na kusema, samahani, lile nililokuuzia lilikuwa chuma chakavu tu. Ana miaka hamsini na sita, mkono wa kushoto umekwisha kufa ganzi kwa moto wa kuchomelea, na hakuna kazi nyingine duniani anayoijua. Usiku wake ukawa mfupi na chai yake ikawa inapoa mezani.

Akatengeneza Komera jipya kwa ajili ya ukaguzi. Loo, lile lilikuwa kama bwana harusi! Rangi ya kijani, taa mbili zinazolingana, hata milango akaliwekea. Mkaguzi alipofika Kasulu, alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, Mhandisi Yasmini, mzaliwa wa Dar es Salaam, mwenye buti za kazi na daftari lililofungwa kwa mpira. Alilizunguka lile gari mara mbili, akainama, akagonga chasisi kwa funguo zake.

"Zuri," alisema. "Lakini hili sitalipima, mzee wangu. Jipya kila mtu huweza kulifanya lipendeze. Nipe lililokwisha kuteseka."

Akaomba orodha ya wateja, akapitisha kidole, akakisimamisha pasipo kuchagua: Josepha, Kitahana, wilaya ya Kibondo. Gari la Mama Josepha lilikuwa na miaka saba, na Mama Josepha hakuwa mtu wa kubembeleza chuma. Mjane yule alikuwa amesomesha watoto watano kwa mahindi na lile Komera, na vyote viwili aliviendesha kwa nguvu ileile.

"Kesho kutwa, Kibondo mjini," alisema Yasmini. "Lije na mzigo ulioandika kwenye fomu yako. Tani moja. Magunia kumi ya mahindi yanatosha."

"Yatakuwepo," alisema Nurudini. Alipotoka nje akapiga simu Kitahana. Salamu peke yake zilichukua dakika nzima, maana Waha hawaanzi neno kabla hawajajua hali ya nyumba, ya mifugo na ya mvua. Kisha akasema: "Mama Josepha, wageni wa serikali wanakuja kulipima gari. Pakia gunia kumi za mahindi, ulete Kibondo. Na nakuomba, dada yangu, usinitie aibu."

"Mimi nikutie aibu?" Mama Josepha aliuliza, na kwa sauti yake alikuwa ameudhika. "Wewe njoo tu."

Siku yenyewe ilipambazuka na manyunyu. Nurudini alikuwa Kibondo tangu jana yake, amelala kwa binamu, amevaa shati jeupe ambalo Asmahani alilipiga pasi mpaka kola ikasimama. Mama Josepha akaingia akiendesha mwenyewe, kitambaa kichwani, gari limefunikwa turubai lililokazwa kamba ili mahindi yasilowe. Akashuka, akapiga makofi taratibu ya heshima, akamsalimia mgeni: "Mwakeye, mwanangu."

Yasmini hakulijua jibu lake, akasema shikamoo, wakaelewana. Akainua pembe ya turubai, akahesabu matako ya magunia. Kumi. Akaandika kumi. Nurudini naye alitupa jicho, akaona magunia kama magunia yote aliyoyaona tangu azaliwe, akashusha pumzi.

Mtihani wenyewe ulikuwa mfupi na wa kikatili. Gari lipande mlima ulioko nje kidogo ya mji, lisimame katikati, likae kwa breki huku mhandisi akihesabu hadi thelathini, liondoke tena bila kurudi nyuma, lifike juu, ligeuze, lishuke, lifunge breki kwenye alama ya chokaa. Mama Josepha alikataa katakata mtu mwingine ashike usukani. "Kama ni kufa, nife na langu," alisema, akawasha.

Lilipanda likilalamika. Nurudini alitembea kando yake, shati jeupe likishika matope, masikio yote mawili kwenye injini. Haikuwa sauti anayoijua. Ilikuwa sauti ya mzee anayebebeshwa mtungi usio wake. Katikati ya mlima likasimama. Breki zikashika, na akamshukuru Mungu. Yasmini alipofika thelathini, Mama Josepha akaachia klachi, gari likatoa moshi mweusi, likarudi nyuma shubiri moja, likazima. Akawasha tena, likazima tena. Mara ya tatu likatambaa, taratibu mno, hata kuku aliyekuwa akivuka barabara hakuona sababu ya kukimbia. Likafika juu. Likashuka. Na kwenye alama ya chokaa, Mama Josepha alipokanyaga breki, chini kukalia ta! Pleti ya springi ya nyuma ilikuwa imekatika vipande viwili.

Manyunyu yakaendelea kama kawaida.

"Mzee Nurudini," alisema Yasmini, na alionekana kusikitika kweli, si kwa kuigiza. "Breki nzuri. Chasisi haikupinda, nimeiangalia. Lakini gari linalozima mlimani mara mbili na kuvunja springi kwa mzigo ulioandikwa kwenye fomu siwezi kulipitisha. Nikilipitisha halafu likaua mtu, nitalala vipi?"

"Sahihi," alisema Nurudini. "Sahihi kabisa, mwanangu." Hakubishana, na hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwamba hakuwa na la kubisha. Akasogea pembeni, akampigia Asmahani. "Mama Siti, imeshindikana." Asmahani akamwambia arudi nyumbani, asipitie popote, asiongee na mtu, na akamwambia neno la yule Mrundi. Nurudini akakata simu na kulia. Nasema alilia kwa sababu alilia, mtu mzima, mbele ya watu, na hakuona haja ya kujificha.

Mahindi hayakuweza kurudi Kitahana juu ya springi iliyovunjika. Wakalisukuma na kuliburura gari hadi ghala la ushirika lililokuwa hatua chache chini ya mlima, wakashushe mzigo. Msimamizi wa ghala alikuwa Obedi, mtu mnene mwenye sauti kubwa, aliyekuwa na wabebaji wawili na mizani moja ya jukwaa aliyoiheshimu kuliko jamaa zake. Kamba zikafunguliwa, turubai likavutwa.

"Aka!" alisema mbebaji wa kwanza. Aliingiza mgongo chini ya gunia, akachuchumaa, akajaribu kuinuka, akarudi chini. "Hili lina mahindi au lina mawe?"

"Acha uvivu," alisema Mama Josepha.

Ndipo kwa mara ya kwanza Yasmini akayaona magunia vizuri, bila turubai. Kila moja lilikuwa limejaa mpaka mdomoni, halafu juu ya mdomo limeongezewa kipande cha gunia jingine, nacho kikajazwa na kushonwa kwa kamba ya katani, kikasimama kama kilemba cha shehe. Lumbesa. Na si lumbesa ya kawaida. Zilikuwa lumbesa za sherehe.

"Obedi," alisema Yasmini polepole, "hebu pima hilo."

Wabebaji wote wawili wakaliburuta jukwaani. Obedi akasogeza jiwe la mizani, akalisogeza tena, akavuta miwani. "Mia moja arobaini na saba."

"Soma tena."

"Dada, mizani hii hainywi pombe. Mia moja arobaini na saba."

La pili likawa mia na hamsini na moja. La tatu mia arobaini na tisa. Yasmini aliandika kila moja, mkono wake ukienda haraka zaidi na zaidi, na Nurudini akasimama nyuma ya bega lake akizifuata namba kwa macho. Magunia kumi yalipokwisha, mhandisi akajumlisha, akajumlisha tena kutoka chini kwenda juu.

"Kilo elfu moja mia nne themanini na sita," alisema. "Mama, ulipakia tani moja na nusu!"

"Nilipakia gunia kumi," alisema Mama Josepha. "Si ndizo alizoagiza fundi?"

"Gunia ni kilo mia!"

"La wapi hilo?" Mama Josepha alishangaa kwa moyo wote. "Mwanangu, gunia la kilo mia ni kipara. Fundi kanipigia simu, kasema wageni wa serikali wanakuja, usinitie aibu. Sasa mimi nilete gunia vipara mbele ya wageni? Waseme Kitahana kuna njaa? Niliwaita wanawake wawili wakanisaidia kushindilia!"

Yasmini alimgeukia Nurudini. "Na wewe mzee uliyaona asubuhi. Ukanyamaza?"

Nurudini aliyaona, wallahi aliyaona. Lakini amezaliwa Kasulu, amekulia Kasulu, na tangu apate akili gunia ni lile lenye kilemba, kama vile mtu ni yule mwenye kichwa. "Mwanangu," alisema, "mimi sikuona kitu."

Hapo Yasmini akacheka. Alicheka mpaka akakaa juu ya gunia, na Obedi akacheka kwa sababu mhandisi anacheka, na wabebaji wakacheka kwa sababu wanapumzika. Mama Josepha peke yake hakucheka, alikuwa bado anatafuta kosa lake liko wapi.

Lakini mhandisi yule hakuwa wa kupindisha kazi kwa kicheko. "Sikupi cheti kwa huruma," alisema huku akifuta macho. "Badilisha springi. Tupakie kilo elfu moja kamili kwa mizani hii hapa, turudi mlimani."

Nurudini hakungoja kuambiwa mara mbili. Alivua shati jeupe, akalitundika kwenye mlango wa ghala, akaazima spana kwa Obedi, pleti kwenye karakana ya jirani, akaingia chini ya gari. Vidole vyake vilijua pa kwenda. Juu, wabebaji walifumua vilemba na kupunguza mahindi hadi kila gunia likawa kilo mia, ya ziada wakayajaza kwenye magunia mengine pembeni. Mama Josepha aliangalia vilemba vikifumuliwa kama mtu anayeona nyumba yake ikiezuliwa.

Safari ile lilipanda, ndugu zangu. Lilipanda likiimba. Nurudini alijaribu kutembea kando yake akashindwa, ikabidi akimbie, kifua wazi, mtu wa miaka hamsini na sita, akisikia sauti anayoijua, sauti aliyoitengeneza yeye. Katikati likasimama, mhandisi akahesabu, likaondoka bila kurudi hata unywele. Kwenye chokaa likafunga breki likatulia. Hakuna ta. Yasmini alijilaza chini kwenye matope, akamulika tochi, akagonga kila kiungo, akainuka.

"Limefaulu," alisema.

Nurudini aliketi palepale barabarani. Alisema alhamdulillahi mara nyingi, hakuzihesabu, na kila mara alihisi kama mtu anamshushia gunia mgongoni, moja baada ya jingine, na yote yalikuwa lumbesa. Thelathini na manne. Hatalazimika kwenda kwenye mlango wowote kuomba msamaha.

Simu ikalia. Ni Asmahani. "Uko wapi? Nyumba imejaa watu huku, Gharibu alinisikia kwenye simu, kawaambia wote, wamekuja kutupa pole. Mzee mmoja ameshaanza hata kukusifu kama marehemu!"

"Wape chai," alisema Nurudini. "Wape na maandazi, Mama Siti. Limefaulu! Huyo anayenisifu mwambie asiache!" Kilichofuata kwenye simu kilikuwa kigelegele, nacho kilisikika hadi kwa Obedi.

Walirudi ghalani kujaza fomu. Yasmini aliiweka juu ya mizani, akaandika huku akisema kwa sauti. Chasisi, breki, injini. Alipofika mahali palipoandikwa Mtengenezaji, pale ambapo katika fomu zote alizowahi kuzijaza aliandika majina ya makampuni ya ng'ambo, akaandika: Nurudini Saady, Kasulu. Nurudini aliomba kuisoma. Aliisoma polepole, herufi moja moja, akairudisha bila kusema neno, maana angesema angelia tena na siku moja haitoshi kulia mara mbili.

"Wale wa kiwanda cha pwani," alisema Yasmini, "wananiuliza kila siku magari yao yakija huku yatavunjika nini. Sikuwa na jibu. Ungekubali waje waongee na wewe?"

"Waje," alisema Nurudini. "Waje na gari lao, nitawaonyesha tunavyopakia." Na aliposema hivyo aligundua kwamba hakiogopi tena kile kiwanda. Kilikuwa kinatengeneza magari, na yeye anatengeneza magari. Basi.

"Limebaki moja tu. Kibao cha ubavuni, uzito wa juu kabisa. Uliomba elfu moja. Kwa nilivyoona leo, limebeba karibu tani moja na nusu likavunja springi tu. Ukitaka naweza kukuandikia hata elfu moja na mia mbili, na ni halali yako."

Nurudini alikuwa anatazama nje. Mama Josepha, baada ya kusikia kwamba ukaguzi umekwisha, alikuwa amesimama juu ya Komera mikono kiunoni akiwaamrisha wabebaji: "Rudisheni vilemba vyake! Vyote! Mimi nipite Kitahana na gunia vipara, watu waseme nini? Na nyie akina mama mnaokwenda Kitahana, pandeni, pandeni, nafasi ipo!" Wanawake watatu walikuwa tayari wanapanda, mmoja na mkungu wa ndizi, mwingine na mbuzi.

"Mwanangu," alisema Nurudini, "andika mia saba."

Yasmini alitazama alikokuwa anatazama. Akaitazama fomu, akamtazama mbuzi, akakata elfu moja kwa mstari mmoja, akaandika mia saba.